Ruta ya laini kwa nyumba za Mbeya na Iringa: Cat 4 ya mtumba au Cat 6 mpya?

Nyumba nyingi za nyanda za juu kusini ambazo faiba haijafika zinategemea ruta ya laini: kile kiboksi cha mezani unachokitia laini ya simu, nacho kikatoa Wi-Fi. Ukizunguka maduka ya Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, muuzaji atakuwekea mbele aina mbili. Ya kwanza ni ya daraja la Cat 4 (Cat ni daraja la uwezo wa ruta kwenye 4G), na mfano wake mzuri ni Huawei B315s-22, ambayo siku hizi mara nyingi huuzwa mtumba. Ya pili ni Cat 6 au Cat 7, kama TP-Link Archer MR600 na Huawei B535-232. Bei zinaachana sana, na maneno ya muuzaji ni yaleyale: hii inakimbia mara mbili ya ile. Inaweza kweli ikakimbia mara mbili. Inaweza pia isiongeze chochote, maana kinachofanya intaneti ya nyumbani ijikokote mara nyingi hakimo ndani ya ruta hata kidogo.

Kwa karatasi, B315s-22 inapakua hadi Mbps 150 (megabiti kwa sekunde) na kupakia hadi 50. Wi-Fi yake ni ya 2.4 GHz peke yake. Ina matundu manne ya waya, yote ya gigabiti, na matundu mawili ya antena za nje. MR600 na B535 zinapakua hadi Mbps 300, zina Wi-Fi ya 2.4 na 5 GHz, matundu manne ya gigabiti, na zote mbili zinapokea antena za nje. Usitegemee kuziona Mbps 150 wala 300 sebuleni kwako. Hizo ni hesabu za ruta moja iliyo peke yake mbele ya mnara, wakati mnara wa Soweto au Kihesa unagawana watu wa mtaa mzima.

Tofauti yenye maana ni hii. Mnara mmoja hutangaza kwa masafa kadhaa kwa pamoja. Masafa ya chini kama 800 MHz yanafika mbali na kupenya kuta, lakini yana njia nyembamba. Masafa ya juu kama 1800 au 2600 MHz hubeba mzigo mkubwa zaidi, ila huchoka mapema na hukatwa na kilima, miti na ukuta. Cat 4 hupanda kwenye masafa mamoja tu kwa wakati. Cat 6 hushika mawili na kuyaunganisha. Kwa hiyo Cat 6 ina faida upande wa mnara pale tu ambapo mnara wako umewashiwa uunganishaji huo na masafa yote mawili yanafika nyumbani kwako yakiwa na nguvu. Nyumba iliyo karibu na mnara kando ya barabara kuu pale Uyole ina nafasi nzuri ya kufaidi. Nyumba iliyojificha bondeni inayopata 800 peke yake italipa bei ya Cat 6 na kubaki na kasi ya Cat 4.

Kujua unapata nini huhitaji fundi. Weka laini hiyohiyo kwenye simu ya Android, iwekee 4G tu, fungua programu ya Network Cell Info Lite na usimame pale ruta itakapokaa. Tafuta namba iitwayo EARFCN. Ikiwa kati ya 6150 na 6449, uko kwenye 800 MHz. Kati ya 9210 na 9659 ni 700. Kati ya 1200 na 1949 ni 1800. Kati ya 2750 na 3449 ni 2600, na kati ya 38650 na 39649 ni 2300. Zunguka nyumba nzima, ndani na nje, kwa dakika kumi hivi. Ukiona namba inarukaruka kati ya masafa mawili ilhali mnara ni uleule, Cat 6 inastahili kufikiriwa. Ukiona moja tu kila kona, bakia na Cat 4 na hela iliyobaki inunulie waya.

Na hapa B315 ina mtego wake. B315s-22 inashika 800, 900, 1800, 2100 na 2600. Haishiki 700 wala 2300. Tarakimu zinazofuata herufi "s" si mapambo: B315 zenye namba nyingine za mwisho zilitengenezwa kwa masoko mengine na masafa yake ni tofauti. Kama simu yako inaonyesha mtaani kwako mtandao uko kwenye 2300, ruta hiyo itahangaika hata mnara ukiwa unauona dirishani.

Kwanza pima, ununuzi baadaye

Kama tayari una ruta na unafikiria kuibadilisha, ipe kipimo cha haki. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta. Zima Wi-Fi ya ruta kabisa ili simu na runinga zisinyonye pembeni, zima na Wi-Fi ya kompyuta yenyewe, funga programu zinazojisasisha, kisha fungua fast.com au Speedtest. Pima saa 11 alfajiri, saa 8 mchana na saa 3 usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Andika kasi ya kupakua, ya kupakia, na pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde). Kila kipimo kinakula bando, na kwenye laini yenye kasi kinaweza kumaliza MB 50 na zaidi, hivyo usikirudierudie kwa hamu.

Majibu yanajisomea yenyewe. Ikiwa alfajiri unapata Mbps 30 na saa 3 usiku unapata 3, mnara umeelemewa na watu. Ikiwa unapata 2 au 4 saa zote, bila kupanda wala kushuka, hicho ni kikomo cha kifurushi: vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguzwa kasi ukishavuka kiasi fulani cha matumizi. Foleni ya mnara huyumba, kikomo hakitingishiki. Ikiwa kasi ni mbovu saa zote na inayumba, mawimbi yanakufikia vibaya. Na ikiwa kwa waya unapata 25 lakini simu chumbani inapata 2, ruta haina kosa wala mtandao hauna kosa. Nyumba ndiyo yenye kosa, na hilo ndilo jibu tunalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote.

Kuna na wale wanaolalamika kwa sababu ya hesabu. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Faili la GB 1 kwa Mbps 10 linachukua zaidi ya dakika 13 mtandao ukiwa mzima kabisa.

Vijiti vinne si kasi

Ruta za Huawei hufunguliwa kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Za TP-Link mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani imeandikwa chini ya ruta. Ndani ya taarifa za kifaa kuna namba mbili za kutazama. RSRP ni nguvu ya mawimbi: kati ya -80 na -90 ni nzuri, -100 inavumilika, chini ya -110 ni shida. SINR ni usafi wake dhidi ya kelele: juu ya 20 ni bora, 13 hadi 20 ni nzuri, chini ya 5 ni taabu, na ikishuka chini ya 0 hata ukurasa wa gazeti hufunguka kwa kusuasua.

Vijiti vya mtandao kwenye ruta huonyesha zaidi nguvu, si usafi. Ndiyo maana ruta yenye RSRP -85 na SINR 2 hujikokota, huku yenye RSRP -104 na SINR 15 ikicheza video bila kukwama. Mbeya ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Nyumba zilizopanda miteremko ya Loleza zinauona mji wote, na minara yote nayo inaziona. Ruta inasikia minara mitatu minne kwa nguvu zinazokaribiana, vijiti vinajaa, kasi inakufa. Ya bondeni inasikia mnara mmoja kwa unyonge, lakini inausikia peke yake. Kwa nyumba ya juu, kuisogeza ruta dirishani ni kuiongezea kelele. Iweke nyuma ya ukuta mnene ulio upande wa minara usiyoitaka, ikitazama dirisha la upande wa mnara mmoja tu, halafu soma SINR. Mara nyingi RSRP itashuka kidogo na kasi itapanda.

Iringa ina tatizo la kinyume. Mji uko juu ya ukingo na Ipogolo iko chini, kando ya Ruaha Mdogo. Nyumba iliyobanwa na mteremko haioni mnara wa juu, inakula mawimbi yaliyodunda. Hapo ndipo urefu unasaidia: ruta ya ghorofani au antena juu ya paa inaweza kuipandisha RSRP kutoka -112 hadi -98, na hayo ni mabadiliko makubwa, kwa kuwa kila dB 3 (dB ni kipimo cha kulinganisha nguvu) ni nguvu maradufu. Mafinga, kwenye mashamba ya misonobari ya Sao Hill, adui ni miti, hasa ikilowa. Watu husema mvua inaleta mtandao mbovu. Matone yenyewe hayasumbui masafa ya 4G kwa umbali wa kilomita chache. Maji yaliyokaa kwenye majani ndiyo yanayomeza mawimbi. Mvua kubwa inaweza pia kudhoofisha yale madishi yanayounganisha mnara na mnara, maana yanatumia masafa ya juu zaidi. Hiyo hutulia mvua ikipungua, na hakuna ruta ya kuitibu.

Fanya zoezi hili kabla ya kununua kitu chochote: panga sehemu sita ndani ya nyumba, iache ruta dakika mbili kila sehemu, andika RSRP na SINR, kisha pima kasi kwenye zile mbili zilizoongoza. Usiweke ruta juu ya friji, nyuma ya runinga, ndani ya kabati la vyombo au karibu na bati. Grili za chuma dirishani zinapunguza, sentimita 30 tu kuelekea kulia au kushoto zinaweza kubadilisha matokeo. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mchana wa Oktoba, ruta hupata joto mpaka inajipunguza yenyewe. Iache na nafasi ya hewa pande zote.

Antena ya nje

Hiki ni kifaa tunachokipendekeza kwa masharti. Inayofaa ni ile ya mifupa ya samaki au ya bapa, yenye nyaya mbili, kwa sababu 4G hutumia njia mbili kwa pamoja. Antena ya waya mmoja inaua njia moja, na ukiifunga unaweza kupata vijiti vingi na kasi ndogo kuliko mwanzo. Kama ni mbili za samaki, zifungwe zikiwa zimelala kwa nyuzi 45, moja kulia moja kushoto, zikiunda alama ya X.

Waya ndio unaoharibu kazi. Waya wa king'amuzi ni wa omu 75. Ruta inataka omu 50. Waya mwembamba wa RG58 unapoteza karibu dB 1 kila mita kwenye 1800 MHz, kwa hiyo mita 10 zinaweza kukula faida yote ya antena iliyoandikwa dB 9. Tumia waya mfupi, mita 3 hadi 5, au waya mnene wa aina ya LMR-400 unaopoteza karibu dB 0.2 kwa mita. Nyumba ikitaka mita 15, achana na antena. Nunua ruta ya nje inayokaa yenyewe kwenye nguzo na kupokea umeme kupitia waya wa mtandao, kwa sababu waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi.

Kuielekeza ni kazi ya watu wawili. Mmoja anazungusha kwa nyuzi 10 hivi, anasubiri sekunde 30, mwingine anasoma SINR kwa sauti. Fuata SINR, si RSRP. Kwenye B315 ingia kwenye mipangilio ya antena na uchague ya nje kwa mkono, maana ikiachwa ijichagulie yenyewe inaweza kurudi kwenye ya ndani bila kukuambia. Zungushia maungio tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu la kuingilia ndani ili maji yadondoke nje. Tukuyu na Uyole, maungio yasiyofungwa hujaa maji msimu mmoja tu wa mvua, na dalili yake ni kasi inayoshuka polepole wiki baada ya wiki. Nguzo ya chuma juu ya paa ipelekewe waya wa ardhi. Radi za Novemba hadi Aprili haziulizi, na kuchomoa nyaya za antena wakati wa radi kubwa ni busara hata kama nguzo ina waya wa ardhi.

Wi-Fi: hapa ndipo Cat 6 inaposhinda kwa haki

Tukiacha habari za minara, sababu nzito zaidi ya kununua MR600 au B535 ni Wi-Fi ya 5 GHz. Kwenye 2.4 GHz kuna njia tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Mtaa wenye vyumba vya kupanga, mathalani Iyunga kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, una ruta kumi na zaidi zinazogombea hizo tatu. B315 haina pa kukimbilia. Unachoweza kuifanyia ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kuchagua kwa mkono njia iliyo tupu kati ya hizo tatu, na kuweka upana wa 20 MHz badala ya 40. Upana wa 40 unaonekana mkubwa, lakini kwenye mtaa uliojaa ni kujitanua barabarani ukiwa na bajaji. Ikikaa vizuri, 2.4 GHz inatoa Mbps 40 hadi 60 chumba kimoja, na 10 hadi 20 nyuma ya kuta mbili. Kama mnara wenyewe usiku unakupa 15, B315 bado inatosha kwa nyumba isiyo na msongamano wa majirani.

5 GHz ina njia nyingi na watu wachache, lakini haipendi kuta. Tofali za kuchoma zilizolazwa upana, jinsi nyumba nyingi za zamani za huku zilivyojengwa ili kuzuia baridi, zinaikata baada ya ukuta mmoja au miwili. Kwa hiyo kwenye nyumba ya vyumba vinne, ruta ya Cat 6 iliyowekwa pembeni itakupa 5 GHz sebuleni na 2.4 GHz kwingine, na mtu wa chumba cha mwisho hataona tofauti na ile ya mtumba. Zipe Wi-Fi hizo mbili majina tofauti ili ujue simu imeshika ipi.

Muuzaji atakuletea kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachorudufisha Wi-Fi. Kinauzika sana na tunakipa alama ndogo. Redio moja inapokea na kurusha kwa zamu, hivyo kasi inagawanyika mara mbili hapohapo, na watu hukiweka chumba kile kile chenye Wi-Fi mbovu, kikarudufisha ubovu. Ukilazimika kukitumia, kiweke katikati ya njia, pale simu yako bado inapata angalau nusu ya kasi.

Tiba ni waya na ruta ya zamani iliyolala kabatini. Vuta waya wa mtandao wa Cat 5e (hapa Cat ni daraja la waya, si lile la ruta) hadi chumba cha mbali. Ingia kwenye mipangilio ya ile ruta ya zamani, ipe anwani 192.168.8.2 (kama ruta kuu ni Huawei inayogawa anwani kuanzia 192.168.8.100), zima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), iwekee jina na nywila ileile ya Wi-Fi lakini njia nyingine: kuu ikiwa 1, hii iwe 6 au 11. Chomeka waya kwenye tundu la LAN la ruta kuu na tundu la LAN la ile ya zamani. Lile la WAN liache. Ukisahau kuzima DHCP, simu zitapewa anwani na ruta mbili na nyumba nzima itakuwa na Wi-Fi iliyounganishwa ambayo haina intaneti.

Waya nao ukaguliwe dukani. Mwingi wa bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Unakatika ukikunjwa mara chache na haufai kabisa kupeleka umeme kwenye ruta ya nje. Mpangilio wa kichwa ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili sawa. Nyuzi nne za bluu na kahawia, pamoja na nyeupe zake, zikishika vibaya waya bado utafanya kazi, ila kwa Mbps 100 badala ya 1000. Kwa ruta ya laini hasara hiyo haionekani. Kwa faiba ya kasi kubwa utaiona.

Mkutano wa video unakatika na kipimo kinasema Mbps 15

Hii huwachanganya wengi. Simu ya jirani wa chumbani inapakia picha za sikukuu, au kamera ya ulinzi inarusha video nje, na upakiaji wa laini ni Mbps 3 tu. Foleni inajaa ndani ya ruta, pingi inatoka 40 hadi 800, na kila kitu kinaganda ingawa upakuaji ni mzuri. Jipime: anza kupakia faili kubwa huku ukipima pingi. Ikiruka hivyo, umempata mchawi. Panga nakala za picha zipakiwe usiku wa manane, punguza ubora wa kamera, na kama ruta ina sehemu ya kugawa kasi, weka kikomo cha upakiaji kwenye asilimia 80 hadi 85 ya kipimo chako. Tofauti na anavyodhani muuzaji, Cat 6 haiponyi ugonjwa huu: kwa karatasi upakiaji wake ni Mbps 50 uleule wa Cat 4.

Umeme

Ruta inayojizima na kujiwasha watu wanapokuwa wengi kwenye Wi-Fi mara nyingi ina adapta iliyochoka. Soma lebo iliyo chini ya ruta. Adapta mpya iwe na volti zilezile hasa, na ampia sawa au zaidi. 12V 2A kwenye ruta ya 12V 1A haina madhara, 9V kwenye ruta ya 12V ndiyo inayoleta ukichaa. Kwa umeme unaokatika, betri ndogo ya ruta ni ununuzi mzuri kuliko jenereta, ila usome hesabu yake vizuri. Iliyoandikwa mAh 8,800 imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli, yaani Wh 32 na ushei, na baada ya upotevu unabaki na kama 27. Ruta inayokula wati 9 itakaa saa 3, si siku nzima kama boksi linavyodai.

Faiba ikipita mtaani

Iunge, hata kama umeshanunua Cat 6. Malalamiko ya faiba ni machache na yanajulikana. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, waya umekatika au umekunjwa. Usiukunje kwa duara dogo kuliko nusu kipenyo cha sentimita 3. Kiunganishi cha kijani kisiingizwe kwenye tundu la bluu. Nguvu ya mwanga inayopokelewa isomeke kati ya -8 na -27 dBm, na ikikaribia -27 mwite fundi wa mtandao kabla haijakatika. Kubwa zaidi ni mahali: mafundi hukifunga kifaa pale waya ulipoingilia, kwa kawaida nyuma ya mlango wa sebule, na Wi-Fi ikafia hapohapo. Tiba yake ni ileile ya waya na ruta ya pili.

Ukinunua mtumba

Nenda na laini yako ambayo tayari inatumika kwenye 4G, na laini ya mtandao mwingine. Ruta nyingi zilizouzwa na kampuni za simu zimefungwa mtandao mmoja, na dukani ndipo pa kujua. Iwashe, ingiza laini zote mbili kwa zamu, fungua ukurasa wa mipangilio. Kama hauna nywila, bonyeza kitufe cha kurudisha mwanzo kwa pini sekunde 10 hivi mpaka taa zizime na kuwaka, kisha tumia nywila ya lebo ya chini. Soma namba kamili ya toleo na IMEI, hakikisha ya kwenye lebo na ya ndani ya mipangilio ni moja. Kwa kidole, jaribu matundu ya antena nyuma: yasicheze, na hesi zake zisiwe zimekula. Chungulia tundu la laini. Laini ya nano iliyovalishwa adapta ya plastiki huwa inanasa na kung'oa pini. Chomeka waya kwenye matundu yote manne, moja baada ya jingine. Adapta iwe ile yenye volti za kwenye lebo, na iguse baada ya robo saa: ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, dai nyingine au punguzo la kununulia nyingine.